Kidole cha Shangazi Baada ya Mlo

Kwa miezi mitano nilimtoboa shangazi yangu kidole kila siku baada ya chakula cha mchana, na sikumbuki siku ambayo tumbo halikunichafuka. Watu hudhani kinachotia kinyaa ni damu. Damu ni nusu tu. Nusu nyingine ni kuushika mkono wa mtu mzima aliyekulea, kukibinya kidole chake kama unavyokamua jipu, na kungoja tone litoke huku yeye anakutazama usoni.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, Temeke. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka michache nyuma na sikuwa nimekaa mahali. Nilikuwa utingo wa malori hadi Makambako na Songea, nikapakua magunia Tunduma, nikaishi Kyela msimu mmoja wa mpunga bila sababu ninayoweza kuieleza. Kila nilipochoka nilirudi kwa shangazi, dada wa baba, aliyenichukua nikiwa na mwaka mmoja baada ya mama yangu kufariki. Nilikuwa nafika nimekonda, nakula wiki mbili, nalala, halafu nikisikia malori yanavyounguruma Barabara ya Kilwa miguu inaanza kuwasha.

Safari hiyo nilikuta aliyekonda ni yeye. Nilikwenda kuoga siku ya kwanza, bafu la uwani la kuta za makuti na sakafu ya saruji iliyokwaruzika, nikakanyaga kitu kama mchanga unaotembea. Sisimizi. Mstari mnene mweusi ulitoka ukutani hadi kwenye tundu la maji, na pale tundu lilipo walikuwa wamejaa kama uji ulioungua. Nilitoka na sabuni mwilini.

"Wameanza mwezi wa Ramadhani," shangazi akasema, kama anayesimulia habari za wageni. "Jirani akaniambia, mwenzangu, hao wamefuata mkojo wako, nenda ukapime. Nimeenda. Nimeambiwa ni sukari."

Na sukari ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa anapika visheti: anakata unga vipande vidogo, anakaanga kwenye karai asubuhi, halafu mchana anavichovya kwenye shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji na iliki mpaka inanata. Maduka ya mtaani yalichukua, na watu wenye harusi walimtuma mtu wiki nzima kabla. Nakumbuka miaka ya shida, nikiwa mdogo, tulivyopanga foleni na mfuko wa kitambaa tupate kilo moja, na kilo ikikosekana karai linafunikwa, yeye anakaa barazani mikono imelala mapajani kama mtu aliyefiwa. Halafu kikaja kipindi cha ruksa, biashara ya nje ikafunguliwa. Kila kona duka, kila duka sukari nyeupe ya nje, soda, biskuti, peremende za rangi za kutisha. Mji mzima ukaanza kunuka utamu. Mimi niliyelia utotoni kwa kukosa kijiko cha sukari kwenye chai nilirudi nikaikuta imejaa, nayo imemla shangazi yangu mashavu.

Alikuwa na watoto wawili wa kuzaa. Wa kiume alikuwa baharia, naye ndiye aliyetuma kutoka Ulaya kichupa cha vijiti vya kupimia damu na kisanduku cha sindano ndogo. Wa kike, ambaye ni dada yangu mkubwa kwa malezi, alikuwa ameolewa Ukonga, jirani na gereza, nyumba ya matofali yenye geti. Alikuja Jumapili ya kwanza, akaniita uwani.

"Wewe si una kidato cha nne? Haya, hii karatasi ya maelezo ni Kizungu, isome. Mama utampima kila siku, masaa mawili baada ya kula. Unaandika kwenye daftari. Mie nikija Jumapili naangalia."

"Dada, mie nina safari wiki ijayo."

"Safari ya wapi? Una mke huko? Una shamba? Kaa hapa." Kisha akapaza sauti ili mama yake asikie. "Na daftari likinionyesha anajilia sukari kwa siri, namchukua. Anakuja kukaa kwangu, na hilo karai naliuza chuma chakavu."

Shangazi alijibu kutoka jikoni bila kugeuka. "Ukonga mie siendi. Wanaoenda Ukonga wanapelekwa na karandinga."

Alicheka peke yake. Lakini haukuwa mzaha. Nyumba ile aliijenga kwa visheti, chumba kimoja baada ya kingine. Barazani pake ndipo alipojulikana. Kule kwenye geti, nyuma ya ukuta wa gereza, angekuwa mama wa mtu, akae kitini, aletewe uji usio na kitu.

Basi nikaanza. Tulikula saa saba: ugali wa dona na mchicha, kama hospitali walivyotaka. Baada ya kula alivichovya visheti, kwa mkono, kwa sababu alisema kijiko kinavivunja. Akimaliza aliusuuza mkono kwenye bakuli. Maji ya bomba yalikuja kwa bahati, tuliyanunua kwa dumu, kwa hiyo bakuli hilo hilo lilihudumia mchana mzima. Akajifuta kwenye khanga. Saa tisa, kabla hajatawadha kwa ajili ya alasiri, aliniita.

Hilo la kabla alilishikilia sana. "Damu najisi, mwanangu. Nitoe kabla sijatawadha. Siwezi kuoshea swala halafu wewe unichafue."

Aliketi kwenye mkeka, akanyoosha mkono wa kushoto. "Chukua huu, wa kulia nafanyia kazi."

Sikuuchukua. Sikumwambia kwa nini, nilisema tu lete wa kulia. Kila aliyekulia uswahilini anajua mkono wa kushoto unafanya kazi gani chooni. Nilikuwa nimelala na madereva kwenye magunia ya samaki wakavu, nimekula mahali ambapo mbwa angekataa, lakini kuushika mkono wa kushoto wa mwanamke mzee, kuukaribisha usoni kwangu ili nione vizuri, kuubinya, hapana.  Wa kulia ndio uliokuwa mkono wa kulia chakula. Niliuona msafi.

Nilipaka spiriti kwa pamba. Ngozi ya ncha za vidole vyake ilikuwa imekomaa kwa moto wa karai, ngumu kama gome, na unga umeganda pembeni mwa kucha. Sindano ilikuwa inaingia na mlio mdogo. Siapi kwamba ulisikika, lakini mimi niliusikia. Damu haikutoka. Nikabinya kuanzia kiganjani, nikavuta, nikabinya, mpaka likajitokeza tone jeusi, zito, na harufu ya chuma ikachanganyika na ya spiriti na ya iliki. Kijiti nilikuwa nimekipasua katikati kwa wembe, kwa urefu, ili kichupa kitufikishe mbali. Tone linawekwa kwenye kijibandiko cha mwisho wa kijiti, unahesabu hadi sitini, unaifuta damu kwa pamba, unahesabu sitini tena, halafu unalinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kichupa. Rangi ya maziwa ilikuwa nzuri. Kijani cha mbali, si mbaya. Kadiri ilivyokuwa buluu, hatari.

Ilikuwa buluu. Kesho yake buluu. Wiki nzima buluu iliyoiva kama sare ya shule.

"Umekula nini, shangazi?"

"Nimekula ulichokula wewe."

"Na baadaye?"

"Baadaye nimekula hewa."

"Kijiti hakisemi uongo."

"Ahaa." Akaunyonya ute wa damu uliobaki kidoleni, jambo lililonifanya nitazame pembeni. "Kijiti hakisemi uongo, kwa hiyo mie ndo nasema. Haki ya Mungu sijatia kitu mdomoni, kunguni wewe."

Kunguni ndilo jina alilonipa. Nikitokea tu na kisanduku mlangoni, anapiga kelele hadi nyumba ya pili wasikie: "Haya, kunguni kaja kunyonya!" Majirani wakicheka, naye anacheka, lakini kidole anatoa.

Pamba zilizotumika nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda changu mpaka nipate nafasi ya kuchoma. Siku moja nililivuta, nikakuta limejaa sisimizi. Walikuwa wanatembea juu ya damu iliyokauka, wanaingia ndani ya nyuzi za pamba, wengine wamegandamana, wamekufa kwa spiriti, na wenzao wanawapanda. Nilitapika uwani, mbele ya kuku. Nilipomaliza nikajisemea, basi, ushahidi gani tena unautaka? Hata wadudu wameonja.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema wakati ule. Kila kijiti kilipotoka buluu, nilikereka na nilifurahi. Shangazi akipelekwa Ukonga, mimi niko huru. Hakuna kidole, hakuna kopo, hakuna saa tisa. Nilikuwa nasikia malori usiku na mchana. Sikuandika uongo hata siku moja kwenye daftari lile, lakini mwandishi wake alikuwa amekwisha kumhukumu mtu.

Kliniki walilisoma daftari langu kuliko walivyomsoma yeye. Vipimo vyao vya asubuhi, akiwa hajala, havikuwa vibaya. Nesi alifunua kurasa zangu, akatikisa kichwa. "Asubuhi mama anakuja na adabu, mchana anakula anachotaka." Vidonge vikaongezwa. Mwezi uliofuata vikaongezwa tena.

Hapo ndipo alipoanza kutetemeka. Ilikuwa inakuja kabla ya adhuhuri, anapokaanga. Jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu, mikono inacheza, anashika ukuta. "Mwanangu, nipe maji ya sukari kidogo tu. Moyo unaniruka."

"Hiyo ndiyo sukari yenyewe imepanda, shangazi. Nikikupa nyingine nitakuua."

Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma karatasi ya Kizungu.

Siku moja nilitoka dukani nikampata nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa, upawa wa shira ya jana ameushika kwa mikono miwili, anaulamba. Aliulamba kama mtoto, macho amefumba, shira inamtiririka kidevuni na kwenye shingo, jasho limelowesha khanga yote. Sijapata kuona kitu kilichonitia kichefuchefu kama kile, si kopo, si bafu. Nilimnyang'anya ule upawa. Nikamwambia, "Mtu mzima hovyo."

Naandika maneno hayo na mkono unakuwa mzito.  Shangazi yangu alijifuta kidevu, akakaa chini, na baada ya muda mtetemo ukatulia, akainuka akaendelea kukaanga. Hilo la kutulia nililiona. Sikulitilia maana.

Jumapili nilimwambia dada kila kitu. Alilifunga daftari. "Jumamosi ijayo naja na pikapu. Mama, funga vitu vyako."

Shangazi alisema, "Sawa." Neno moja. Afadhali angenitukana.

Alikuwa na oda moja iliyobaki, harusi ya mtaa wa pili, masinia sita, ya Ijumaa. Siku hiyo mikono yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo mimi nikachovya. Nilikaa mchana ule wote mikono ndani ya shira ya uvuguvugu, natoa visheti kimoja kimoja, napanga. Nikaisuuza mikono kwenye bakuli lake, nikajifuta kwenye suruali. Ikafika saa tisa, nikaleta kisanduku.

"Leo jipime wewe," akasema.

"Shangazi, usinicheleweshe."

"Miezi mitano unanikamua, kunguni. Kesho naondoka. Na mie nataka nione damu yako ina rangi gani. Au unaogopa?"

Nilijipaka spiriti, nikajitoboa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Nikahesabu sitini, nikafuta, nikahesabu sitini. Buluu. Si buluu hivi hivi, ni ile ya mwisho kabisa kwenye kichupa, ambayo hata yeye hakuwahi kuifikia.

Shangazi aliinama akatazama. "Mh," akasema. "Na wewe baba, umekula nini?"

 Nilijiona na bafu lililojaa sisimizi, na mtu ananishika mkono na kugeuza uso. Damu iliyokuwa kidoleni iliniudhi kama si yangu. Nilikwenda kwenye dumu, nikamimina maji bila kuyahesabu, nikasugua mikono miwili kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko, kama ninayeweza kuuosha ugonjwa. Nikachukua nusu kijiti nyingine, kwa kuwa sikukubali, nikajitoboa tena kidole kile kile, pembeni.

Rangi ya maziwa.

Nilikitazama kijiti cha kwanza na cha pili, nikaenda kwenye bakuli, nikatia vidole, nikavitoa na kuviachanisha polepole. Vilinata. Maji yale yalikuwa shira nyepesi. Nikainusa khanga yake pale anapojifutia, nikanusa suruali yangu. Iliki. Pamba na spiriti vilikuwa vinaisambaza tu sukari ile, na mimi nikawa natoboa na kulikamua tone juu yake. Mkono pekee uliooshwa vizuri nyumba ile ulioshwa saa tisa na robo, kwa swala, baada ya mimi kumaliza. Na sisimizi wa kwenye kopo walikuwa wamefuata shira.

Nilirudi mkekani nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa sili."

"Ulikuwa huli, shangazi."

"Na kule kutetemeka?"

 "Vidonge. Vimekuwa vingi, vimeishusha sukari mno. Siku ile ya upawa ulikuwa unajiponya."

 Nje mtu alikuwa anapita na kengele ya kuuza aiskrimu. Shangazi akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Huu sikuuchovya popote. Pima."

Niliushika. Ulikuwa laini kuliko wa kulia, mwepesi, na damu ilitoka bila kubinywa. Kijani cha mbali. Si afya, lakini si mwizi.

"Kumbe huu ndio uliokuwa unauonea kinyaa," akasema. Sijui alikuwa amejua tangu lini. "Huu ndio uliokutawaza wewe miaka yote ile, mwanangu. Hata ulipoharisha mwezi mzima tukadhani unakufa. Mbona haukukuonea kinyaa?"

Jumamosi dada alifika na pikapu na kamba za kufungia godoro. Alimkuta mama yake yuko kwenye karai na hajafunga hata khanga moja. Nilimweleza mbele ya dereva na majirani wawili waliokuja kuaga. Alinikata katikati.

"Mama amekuwekea maneno kinywani, na wewe kwa kuwa unakula kwake."

"Njoo hapa," shangazi akamwambia. "Umeshakula kisheti tangu uingie, nimekuona. Viwili. Lete kidole cha kulia."

"Mie siumwi, mama."

"Lete."

Alitoa, kwa jeuri. Nilipaka spiriti kama nilivyokuwa napaka siku zote. Tulipoifuta damu na kungoja, dada aliisogelea chupa mpaka pua ikaigusa, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa buluu. Si kama yangu, lakini ya kutosha.

"Masikini," shangazi akasema. "Sasa na wewe tukupeleke wapi? Ukonga umeshafika."

Jirani mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Dada hakucheka. Alinawa kwa sabuni, akadai apimwe tena, na rangi ilipotoka ya maziwa alikaa barazani muda mrefu akiwa ametugeuzia mgongo. Pikapu ikarudi Ukonga na sinia la visheti vya watoto. Jumatatu tulikwenda kliniki wote watatu, nesi akalifunga daftari langu bila kuniambia kitu, vidonge vikapunguzwa, na mtetemo wa kabla ya adhuhuri ukakoma.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo kinyaa kiliniisha. Hakikuisha. Nilikaa miezi mingine kadhaa kabla malori hayajanichukua, na kila saa tisa alinawa kwa sabuni, akaketi mkekani, akanipa wa kushoto. Niliushika, nikautoboa, harufu ya chuma ikanipanda puani, nikatazama pembeni vile vile. Yeye alikuwa anauona uso wangu.

"Tapika basi, kunguni," anasema, huku kidole hajakiondoa mkononi mwangu. "Ndoo hiyo hapo."